Kamati ya Harusi Haina Mtu wa Moto



Leo hatukuja na mitindo ya shela wala maua ya hina. Hayo yapo na yataendelea kuwepo. Leo tunataka kusema jambo lisilosemwa kwenye vikao vya harusi, na sisi wenyewe hatukuwahi kulisema mpaka lilipotufika mlangoni. Ni moto katika nyumba zetu za mjini, zile zilizoshikana kuta, na kazi ya wale wanaokuja kuuzima.

Maoni yetu tuyaseme mapema. Askari wa zimamoto wanapofika, kila mmoja wao anaijua kazi yake. Sisi wenye nyumba ndio hatuijui ya kwetu, na kutojua kwetu kunawapotezea dakika ambazo hazirudi.

Lilivyotufika

Sisi ni mafundi wanne wa nguo za harusi. Chumba chetu cha cherehani kipo ghorofa ya pili ndani ya Mji Mkongwe, chini kabisa ya paa. Ukuta wetu ndio ukuta wa jirani. Siku moja, baada ya sala ya alasiri, kwa jirani huyo palikuwa na shughuli ya hina. Chetezo kiliwekwa chini ya kikapu cha kufukizia, na juu yake zikatandazwa nguo za bi harusi. Binti aliyekuwa akikiangalia akaitwa jikoni mara moja tu. Shela ilikuwa ya neti ya nailoni, tuliishona sisi wenyewe. Ikateleza, ikagusa makaa.

Tulisikia mayowe kwanza, halafu moshi ukaingia dirishani. Hakufa mtu, alhamdulillah. Kiliungua chumba kimoja na sehemu ya paa. Lakini tukikaa na kukumbuka yaliyopita katika ile nusu saa, tunaona haya.

Gari ya zimamoto ilisimama barabara kubwa, kwa sababu kichochoro chetu hakipiti gari. Askari wakaanza kuvuta mipira kwa mikono. Njiani wakakuta vespa tatu na meza ya mwenye kuuza urojo. Walipofika mlangoni, bi mkubwa wa nyumba alikuwa amesimama kizingitini ameinua mikono: "Subirini wanangu, ndani mna wanawake hawajajistiri." Wakati huohuo mama mmoja akapiga kelele kwamba mtoto wake yuko juu. Askari wawili wakapanda ndani ya moshi kumtafuta. Mtoto alikuwa ameshachukuliwa na jirani zamani, anakula mkate.

Na sisi? Sisi ndio tuliofanya kubwa zaidi. Askari wengine waliingia nyumba yetu wakiburura mpira wa pili ngazini, nasi tunashuka na marobota ya satini kichwani. Tukawazuia. Tukawaambia kwa sauti ya juu: "Mmekosea nyumba! Moto uko kule, si hapa!" Mmoja alitujibu kwa adabu, "Tunajua dada, tupisheni." Hatukupisha mpaka alipoyaweka pembeni marobota yetu kwa mkono wake.

Walipofika juu wakapasua dari ya ubao. Cheche zilikuwa zimeshaingia chini ya mabati yetu, na mti mmoja wa paa ulishaanza kufuka. Dakika chache zaidi, na kazi yetu ya miaka 9 ingekwenda, pamoja na magauni 11 ya watu.

Nyumba zetu na njia za moto

Siku chache baadaye, mmoja wa wale askari alipita. Tulimtilia chai barazani, tukaomba radhi, kisha tukamuuliza maswali mpaka ikaadhiniwa magharibi. Mengi ya hapa chini ni yale aliyotueleza, na mengine tumeyasoma baada ya hapo.

Watu husema nyumba za mawe haziungui. Kuta ni mawe na chokaa, kweli, na ni nene. Lakini angalia kilichobaki. Sakafu imeshikwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba, kiasi cha mita 3 hivi, kwa kuwa boriti haifiki zaidi. Ngazi nyingi ni mbao. Roshani ni mbao. Chini ya mabati ni mbao. Boriti ikiungua pale ilipoingia ukutani, sakafu nzito ya mawe iliyo juu yake huanguka na waliokuwa juu yake. Na ule uwanja wa ndani tunaoupenda kwa upepo wake, siku ya moto huwa kama bomba la moshi. Unavuta hewa chini na kuupandisha moto juu.

Ukuta mnene unaweza kuuzuia moto usipite ubavuni. Paa haliuzuii. Moto hupanda juu, ukishafika chini ya mabati unatembea. Ukikuta paa la jirani limeegemea la kwako, au mbao zimepishana juu ya ukuta, unahamia bila kupiga hodi. Ndiyo maana askari waliingia kwetu. Hawakukosea nyumba hata kidogo. Katika nyumba zilizoshikana, mpira wa kwanza unakwenda kwenye moto, na mapema iwezekanavyo mwengine unakwenda kwa jirani. Kuna watu ambao kazi yao ni kuangalia kushoto na kulia: wanagusa ukuta kwa mgongo wa mkono, wanafungua dari, wanatazama madirisha yanayoelekeana. Sisi tuliwaona wanazurura, kumbe ndio waliookoa mali yetu.

Na kuna la vitambaa, hili ni letu mafundi. Watafiti wa moto Marekani waliwahi kuwasha moto kwenye vyumba viwili. Kimoja kilikuwa na samani za kizamani, mbao na pamba. Cha pili kilikuwa na samani za siku hizi, sponji na nyuzi za viwandani. Kile cha kizamani kilichukua karibu dakika 30 mpaka chumba kizima kulipuka moto. Cha siku hizi hakikufika dakika 5. Sasa hebu fikiria chumba cha bi harusi wetu: godoro la sponji, mapazia ya poliesta, neti, maua ya plastiki, mablanketi mapya ndani ya nailoni. Bibi zetu walifukiza kanga za pamba juu ya chetezo, na wakati walikuwa nao. Sisi tunafukiza neti.

Kila askari na kazi yake

Tulidhani zimamoto ni watu wanaokuja kumwaga maji, basi. Tulipoelezwa tulishangaa, maana imepangwa kama shughuli ya harusi iliyopangika, ambapo wa pilau hagusi zawadi na wa kupokea wageni haachi mlango.

Wa kwanza ni kamanda. Huyu ndiye mnayemuona amesimama, nanyi mnamlaumu eti kasimama tu. Kazi yake ni kutazama na kuamua. Anataka kuiona nyumba pande zote, na kama hawezi kuzunguka anamtuma mtu kichochoro cha nyuma, kwa sababu nyumba zetu zinaweza kuwa ghorofa mbili mbele na tatu nyuma. Akiingia ndani kushika mpira, hakuna tena anayeiona nyumba nzima.

Wa pili ni wa pampu. Huyu haachi gari. Watu wetu humvuta, "Njoo na wewe usaidie!" Akiondoka, walio ndani wanaweza kubaki na mpira mtupu mikononi, na moto mbele yao. Tena maji ya gari yana mwisho. Fanya hesabu: gari ikiwa na lita 4,000 na mpira mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, hizo ni dakika 10. Mipira miwili, dakika 5. Ndiyo maana mwengine anakuwa mbioni kutafuta maji ya pili, iwe gari nyengine, kisima au tangi. Anayejua kisima kiko wapi ni wewe wa mtaani.

Wa tatu ni wenye mpira wa kwanza. Hawaingii mmoja mmoja, wanaingia wawili au zaidi. Na jambo la kwanza wanalolitafuta ndani ni ngazi. Wanataka kuwa kati ya moto na ngazi, maana ngazi ndiyo njia ya kila aliye juu. Ukiipoteza ngazi umeipoteza nyumba. Nasi tulikuwa wapi na marobota yetu? Ngazini.

Wa nne ni watafutaji. Wanaanza karibu na moto na ghorofa iliyo juu yake, kwa sababu moshi hupanda, na moshi unaua watu wengi kuliko ndimi za moto. Hawaoni kitu. Wanatambaa, mkono mmoja haubanduki ukutani, wanapapasa chini ya vitanda na nyuma ya milango, kwani watoto hujificha huko. Mtungi wa hewa mgongoni, ukiwa unafanya kazi nzito, ni wa dakika 20 au 30 hivi. Kila dakika wanayomtafuta mtoto anayekula mkate nje, wamemnyima aliyemo ndani kweli.

Wa tano ni wa kufungua hewa: anavunja dirisha au anafungua paa moshi utoke. Lakini hafungui mpaka maji yawe tayari, kwa sababu hewa mpya ni chakula cha moto. Kijana wa mtaa akivunja dirisha kwa jiwe kwa nia njema, anaweza kuwaunguza walio ndani.

Wa sita ni wa mlangoni, mwenye kuandika nani kaingia na saa ngapi, na hewa yake inakwisha lini. Na pembeni yake wanakaa wawili tayari tayari, hawagusi kitu, wanasubiri mwenzao akipatikana na shida wamfuate. Hao nao mtaa huwatukana kwa kukaa bure.

Na moto ukizimika hawaondoki. Wanapasua dari, wanachokoa boriti, wanarudi tena kuangalia, maana kaa linaweza kulala ndani ya mbao saa nyingi na kuamka usiku. Usiwafukuze kwa kuhofia dari yako.

Stara, dhahabu na mlango

Sasa tuseme yale yanayotuuma, kwa sababu yanatuhusu wanawake.

La kwanza ni stara. Bi mkubwa aliyewazuia askari mlangoni alikuwa na nia njema, na hatumcheki. Amelelewa kulinda heshima ya nyumba. Na kule ndani binti wawili walikuwa wanazunguka kwenye moshi wakitafuta mabuibui yao katika lundo la mabuibui 30 ya wageni. Hatuna elimu ya kutoa fatwa wala hatuitoi. Lakini hili tumelisikia kwa masheikh wetu tangu chuoni: kuokoa nafsi kunatangulia, na dharura ina hukumu yake. Mwanamke aliyetoka kichwa wazi ndani ya moto hakutoka kwa kukosa haya. Na askari anayeingia ukumbi wa wanawake siku hiyo hakuja kutazama, haoni hata mkono wake.

Wapo watakaosema ni rahisi kusema, lakini mwanamke mwenye haya miguu itamganda. Ni kweli, na sisi tunajijua. Ndiyo maana dawa iwekwe kabla. Nyuma ya mlango wa kutokea, tundika mabuibui au majuba mawili matatu mapana na kanga, ya mtu yeyote, ya kuvaa ukipita. Na wewe jirani mwanamke ukisikia moto, usitoke na simu kupiga picha. Toka na kanga. Simama mdomo wa kichochoro umfunike kila anayetoka. Hiyo ni stara ya kweli, nayo haimzuii mtu kutoka.

La pili ni dhahabu. Tumeona watu wakirudi ndani kwa sababu ya seti ya bi harusi. Dada zetu, dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064. Hata ikiyeyuka, ni dhahabu ile ile, utaizoa kwenye majivu na sonara ataifanya upya. Aliyerudi kuifuata hafanywi upya.

La tatu ni mlango. Wote tulikimbia tukaacha milango wazi. Majaribio ya haohao watafiti wa Marekani yanaonyesha kwamba chumba kilichofungwa mlango kinaweza kubaki chini ya nyuzi 40, wakati upande wa pili joto limepita 500. Ubao mmoja tu. Ukitoka, vuta mlango nyuma yako, usiutie kufuli. Ukishindwa kutoka kwa sababu ngazi imejaa moshi, rudi chumbani, funga, ziba chini kwa nguo mbichi, simama dirishani upige kelele. Na kama madirisha yako yana nondo, basi kila ghorofa liwepo moja linalofunguka kwa ndani. Mwizi ni adui, lakini moto nao.

Msidhani haya ni ya visiwani tu. Philadelphia, Marekani, ni mji wenye safu na safu za nyumba zilizoshikana kuta kama zetu. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2022, nyumba moja ya ghorofa tatu iliungua na wakafa watu 12. Walikuwa ndugu watatu wa kike na watoto wao tisa. Ni nchi yenye magari ya kila namna na barabara inayopitisha gari mpaka mlangoni. Waliposikia habari zile wengi walisema ni mbali. Nyumba iliyojaa ndugu wa kike na watoto wao, si mbali. Ndiyo nyumba ya harusi yenyewe.

Tunachokiomba

Vichochoro vyetu havitapanuliwa. Mji Mkongwe uliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na hata bila ya hilo nani angekubali nyumba ya babu yake ivunjwe ili gari ipite? Gari haitafika mlangoni. Kwa hiyo kinachobaki ni sisi.

Kila harusi ina kamati. Kuna wa michango, wa chakula, wa ukumbi, wa mapambo, wa udi. Hakuna mtu wa moto. Tunaomba wawepo watatu, na wachaguliwe siku ileile anayochaguliwa wa udi.

Wa kwanza ni mtu wa hesabu. Anajua nani yumo ndani, hasa watoto, wazee na waliolala. Moto ukitokea hafanyi kitu chengine. Anatoka, anawakusanya watu mahali mlipokubaliana, mathalan uwanja wa msikiti au baraza fulani, anahesabu, na anamtafuta kamanda amwambie maneno machache: wangapi wametoka, nani hayupo, alikuwa chumba gani, ghorofa ya ngapi. Mama akipiga kelele kuwa mwanawe yumo, huyu ndiye anayejua kama ni kweli. Taarifa hiyo ni kubwa kuliko ndoo 100 za maji.

Wa pili ni mtu wa kichochoro. Awe kijana wa kiume au mwanamke mwepesi, hapana tofauti. Anapiga simu zimamoto mara moja, kabla watu hawajaanza kujizimia wenyewe. Namba ya kituo chenu iulizeni leo na iandikwe nyuma ya mlango wa jikoni. Kisha anakimbilia barabara kubwa kuwasubiri, kwa sababu anuani za vichochoro vyetu zinajulikana na wenyewe tu. Anaondosha vespa na meza. Anawaonyesha njia ya nyuma na kisima.

Wa tatu ni mtu wa makaa. Huyu kazi yake ni kabla ya moto. Chetezo kinakaa juu ya sinia yenye mchanga, mbali na pazia, wala hakiachwi peke yake hata kwa kuitwa na mama mkwe. Neti, shifoni na satini ya viwandani zisifukizwe juu ya makaa. Fukiza kanga na vitambaa vya pamba, kisha ulaze gauni na shela juu ya kanga zilizokwisha kushika harufu. Tumejaribu kwa nguo za wateja wetu na harufu inakaa. Mitungi ya gesi isirundikwe chini ya ngazi. Na kabla ya kulala makaa yote yamwagiwe maji. Mtume wetu (s.a.w.) alipopata habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina na watu wake wamo, aliwafunza masahaba kwamba moto ni adui, wauzime wanapolala. Hili silo jambo la kisasa tulilolileta sisi.

Na wenye nyumba za jirani, hata kama harusi haikuhusu: ukiona askari wanaingia kwako na moto uko kwa mwenzako, wapishe. Waonyeshe njia ya darini. Toa watu wako, acha marobota.

Mtasema tunaita mkosi

Tulipoanza kuwaambia wateja haya, mama mmoja alituzima: "Nyinyi mnashona nguo za furaha, mbona mnaleta maneno ya msiba?" Tunamuelewa. Sote tunapenda shughuli ipite na maneno mazuri tu. Lakini tunamuombea dua bi harusi na husuda, na hatusemi tumeiita husuda. Tunafunga dhahabu kabatini, na hatusemi tumeita wizi. Kutegemea kwa Mola hakukuondosha kufunga ngamia kwanza. Kwa nini moto peke yake ndio usitajwe?

Mwengine alisema hizo ni kazi za zimamoto, wao ndio wanaolipwa. Ni kweli, kuzima ni kazi yao. Lakini hakuna askari anayeweza kujua kwamba bibi wa miaka 80 amelala chumba cha nyuma, kwamba mlango wa pili uko nyuma ya duka, kwamba mtoto ameshatolewa. Hayo anayajua mwenye nyumba. Akiyashika na kuyasema kwa utulivu, basi naye ni mmoja wa kikosi.

Yule bi harusi aliolewa siku yake, kwa taarifa yenu. Tulikaa macho usiku kucha tukamshonea shela nyengine, na hatukuitoza hata senti. Safari hii tulitumia pamba laini yenye utepe wa dhahabu pembeni, na alipotoka watu wakauliza imenunuliwa wapi. Shela yetu sasa inapotoka dukani inatoka na kikaratasi: isifukizwe juu ya makaa. Na nyuma ya mlango wa chumba chetu pametundikwa mabuibui manne na namba ya zimamoto.

Basi dada yetu, usiku wa leo kabla ya kulala, tembea nyumbani kwako kutoka kitandani mpaka mlango wa nje ukiwa umefumba macho, mkono ukutani. Hesabu milango. Angalia kilichowekwa ngazini. Na kwenye kikao cha harusi kinachofuata, wakishamaliza kumtaja wa udi, inua mkono uulize: na mtu wa moto ni nani?

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu, na awalinde wale wanaoingia ndani ya moshi kwa ajili yetu. Amin.